Chini ya Mbao za Kettle Run

Niliona kichwa cha mume wangu kimechomoza katikati ya njia ya mashindano, na magari yalikuwa yanakuja.

Ilikuwa Juni ya mwaka 1927, kwenye uwanja wa Kettle Run, hapa hapa kwetu Pennsylvania. Nilikuwa jukwaani na wifi yangu Lovina, tunakula soseji baridi na matango ya siki. Kona ya kaskazini ilikuwa mbele yetu, imeinuka kama paa la ghala. Katikati ya mbao palikuwa na tundu jeusi ambalo mzunguko uliotangulia halikuwepo. Ndani ya tundu kikaibuka kitu cha kahawia. Kwanza nilidhani ni mnyama aliyechimba makao yake huko chini. Kikageuka, nikaona mstari mwekundu wa sufu. Kofia ile niliifuma mwenyewe wakati wa Krismasi, na sufu ya kahawia iliponiishia nilimalizia na nyekundu.

Kichwa kilitazama upande yanakotokea magari, bila haraka, kama mtu anayechungulia dirishani kuona kama mvua imekatika. Kikazama. Gari la kwanza likapita pembeni mwa tundu, la pili likapita juu yake kabisa.

Lovina ndiye aliyenigusa akaniuliza mbona nimejimwagia kahawa mapajani na wala sishtuki.

"Yule ni Enos," nikamwambia.

"Yuko wapi?"

"Ndani ya njia."

Alinitazama kwa huruma, akasema jua limenipata, nivute kofia mbele.

Enos alikuwa seremala, na kazi ya uwanjani aliipata tangu siku walipoanza kusimamisha nguzo. Miaka yote mitatu aliniambia kwamba siku za mashindano mafundi hukaa kwenye kibanda cha vifaa wakicheza karata, na magari yakishaondoka ndipo huingia kuziba palipovunjika. Nilimwamini. Hata mara moja sikujiuliza kwa nini mtu anayeshinda kibandani anacheza karata anarudi na vibanzi vya mbao vimemchoma shingoni.

Asiyewahi kuiona njia ya mbao hatanielewa, kwa hiyo nieleze kidogo. Wakati ule nchi nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu wa viwanja hivyo. Vilianza kama viwanja vya baiskeli: njia yenye umbo la yai, mbao tupu, kona zimelazwa ili mwendeshaji asitupwe nje. Kisha mtu mmoja akajiuliza kwa nini kisijengwe kikubwa zaidi na kupitisha magari. Udongo ulitimua vumbi na kuchimbika, matofali yalikuwa ghali na yaliwatikisa madereva mpaka meno. Mbao zilipatikana kila mahali, na mafundi wakiwa wengi, uwanja mzima ulikamilika kabla majira hayajabadilika. Zilichukuliwa mbao za inchi mbili kwa nne, hazikulazwa bali zilisimamishwa kwa ubavu, moja ikibana nyingine, malori na malori ya misumari, na chini yake msitu wa nguzo na maboriti. Njia ilikuwa laini kama meza. Gari ambalo kwenye udongo lilijikokota, pale liliruka.

Aliyebuni uwanja wetu alikuwa Mnorwe mrefu mwenye masharubu ya kijivu, Aksel Brandvold. Ujanani alikuwa bingwa wa baiskeli, na bado alitembea amepinda mgongo kama ameshika usukani. Siku ya ufunguzi nilimsikia kwa masikio yangu akieleza siri ya kazi yake. Alisema wajenzi wa zamani walichukua sehemu bapa wakaiunganisha ghafla na kona iliyoinuka, gari likifika pale linarushwa kama limepigwa teke na punda. Yeye alijifunza kwa watu wa reli, ambao hawageuzi treni ghafla. Mwinuko wake ulianza mbali, kidogo kidogo, ukakua na kona, halafu ukashuka vile vile. Alisema njia iliyochorwa sawasawa humwongoza dereva yenyewe.

Kisha akaingia kwenye gari, akaendesha mzunguko mmoja, na wa pili akiwa kwenye kona ya kaskazini kwa kasi inayotoa machozi, akainua mikono yote miwili juu. Gari likazunguka kona peke yake, halikupanda wala halikushuka. Watu walisimama bila kupiga makofi. Tulikuwa tumesahau kwamba kupiga makofi kupo. Enos, pembeni yangu, alinishika bega kwa nguvu mpaka likaniuma, na nilipomgeukia nikakuta macho yake yana maji. Nilidhani ni upepo.

Kitu ambacho Brandvold hakukisema siku ile ni kwamba mbao zile hazikupakwa dawa yoyote ya kuzuia kuoza. Hakuna uwanja uliopakwa. Mvua ilipiga, theluji ikalala juu yake, jua likapasua, mafuta ya magari yakadondoka. Baada ya miaka miwili, mitatu, mbao zilianza kuachia. Kila mtu wa kazi ile alijua. Uwanja ukichoka, mbunifu anakuwa keshahamia mji mwingine kujenga mpya.

Jioni ile ya Juni Enos alikuja, akanawa, akaketi mezani. Niliweka ile kofia ya sufu aliyoivua mbele yake badala ya sahani.

Aliigeuza kofia mkononi. Halafu akanieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mafundi wanne hukaa chini ya kona wakati wa mashindano. Mbao ikichomoka, wanapanda kwenye maboriti, wanaingiza kipande kipya kutokea chini na kukigongelea kati ya gari na gari. Wakati mwingine ili kupima tundu inabidi mtu atoe kichwa.

"Inabidi," nikarudia.

"Ni kazi, Orpha."

"Kazi ya kukatwa kichwa?"

"Unasikia gari kabla halijafika. Mbao zinakuambia."

Sikulala naye chumba kimoja wiki nzima. Jumatatu nilivaa gauni la kanisani nikaenda kwa Brandvold, ambaye mwaka ule alikuwa bado anakaa mjini kwetu, kwa sababu mke wake alizikwa hapa na yeye hakutaka kuhama. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba kumpeleka mtu mahali pale ni dhambi. Alinisikiliza mpaka mwisho, amesimama, mikono nyuma.

"Bi Rauch," akasema, "mimi nilitaka mashindano yasimamishwe kila mbao ikitoka. Wenye uwanja walikataa. Mumeo ndiye aliyekuja kuniambia inawezekana kuziba kutokea chini. Nilimkatalia. Akaja tena."

"Enos alikuomba?"

"Mara nyingi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na ninakumbuka nilipita mlango wetu nikafika mpaka kwenye kinu cha Moyer kabla ya kugundua. Sikumwamini yule Mnorwe. Nilijiambia kwamba tajiri siku zote humtupia lawama fundi. Enos niliyemjua mimi alikuwa mtu wa kuogopa mbwa wa jirani.

Mashindano ya Septemba yalipofika sikwenda jukwaani. Nilibeba kiti changu nikakiweka nyuma ya kona ya kaskazini, karibu na kijimlango cha mafundi, mahali ambapo huoni gari hata moja. Unasikia tu. Magari yakiingia kona, ukuta mzima wa mbao ulilia kama ng'ombe anayezaa. Vumbi la machujo lilimwagika kutoka kwenye nyufa. Nilikaa pale nikifuma, na kila yalipopita sindano zangu zilisimama zenyewe.

Kelele iliyofuata haikuwa ya gari. Ilikuwa kama mti unaoanguka, lakini ndani ya nyumba. Magari yakapita tena mara kadhaa, ndipo kijimlango kikafunguka, akatoka Clete Moyer, fundi kijana mwenye mwili wa fahali, uso mweupe kama unga. Akaniona, akaanza kurudi nyuma.

"Ni Enos," nikasema.

Clete alieleza kwa maneno yaliyokatikakatika. Gurudumu la gari lilikuwa limezama kwenye mbao, gari likajinasua na kuendelea, lakini boriti ikavunjika na kumwangukia Enos mguuni. Wenzake wawili walijaribu kuinyanyua wakashindwa, na kila magari yalipopita ilizidi kumkandamiza. Nilimuuliza mbona hawasimamishi mashindano. Alisema mwenzao mmoja ameshatokea upande wa pili akakimbilia kwa mwenye bendera, msimamizi wa mashindano, akarudi na jibu kwamba magari yanaweza kupita upande wa chini wa kona, pembeni mwa tundu, watazamaji wamejaa, na mizunguko iliyobaki si mingi.

Sikumwelewa. Nilimwomba arudie, akarudia maneno yale yale, na bado sikuyaelewa. Nilimsukuma nikaingia.

Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile na sijaona mahali pengine pa aina ile. Ilikuwa giza, lakini giza lililochanwachanwa, kwa sababu mwanga uliingia kwenye kila ufa, mistari maelfu, na magari yalipopita mistari yote ilizimika na kuwaka kwa zamu, kutoka upande huu hadi ule, kama mtu anayepitisha kidole kwenye meno ya kitana. Kelele haikuingia masikioni, iliingia tumboni. Mafuta ya moto yalinidondokea mkononi. Nilikwenda kwa magoti nikishika nguzo moja baada ya nyingine, na sikuwa na wazo lolote kichwani, hata sala.

Enos alikuwa amelala chali. Boriti ilikuwa juu ya mguu wake wa kulia chini ya goti. Nilitegemea kumkuta analia. Aliponiona uso wake uliharibika kwa hasira.

"Nani kakuleta huku? Toka."

"Enos, mguu wako."

"Toka, mwanamke. Utawachanganya watu."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nilipiga magoti nikashika boriti pamoja na wale mafundi wawili, na Clete akaja nyuma yangu. Haikusogea. Magari yakapita tena, nikamwona mume wangu anafumbua macho na kutazama juu, kwenye mistari ile ya mwanga inayokimbia, na kwa muda mfupi sana maumivu yakamwondoka usoni. Nilikuwa ninamtazama mtu nisiyemjua.

Ndipo Brandvold alipoingia, amevaa suti yake ya kijivu, anaburuta jeki ya gari. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia chini tangu uwanja ukamilike. Aliweka jeki, akaanza kuizungusha, na boriti ikapanda kidogo. Kisha jeki ikaanza kuzama. Haikuzama ardhini. Alikuwa ameikita juu ya kitako cha nguzo, na chuma kilikuwa kinaingia kwenye mti kama kisu kwenye mkate.

Brandvold akasimamisha mkono. Akaigusa ile nguzo kwa kidole gumba, na kidole kikaingia mpaka kwenye kiungo chake. Akaenda nguzo ya pili, kikaingia. Ya tatu pia. Alituangalia sisi, mmoja mmoja, kama aliyeamshwa katika nyumba ya watu. Juu yetu magari yakapita, na nguzo zote zikacheza, na yeye akainua mkono kuishika mojawapo, mzee wa watu, kana kwamba angeweza kuizuia isianguke.

"Hii yote imekufa," akasema. "Na wao wako juu."

Akamwelekeza Clete ahamishie jeki kwenye jiwe la msingi, kisha akatoka, anatembea haraka bila kuinama, kichwa kikigonga maboriti.

Tulimtoa Enos. Tulikuwa tumemfikisha kwenye majani nje ya kijimlango, Clete ameshika mabega na mimi nimeshika mguu ule uliopinda mahali ambapo mguu haupindi, ndipo niliposikia umati mzima wa jukwaani unavuta pumzi. Sauti ile siwezi kuisahau. Baadaye ndipo nilipojua ilikuwa ya nini. Mwenye bendera alikuwa amemkatalia Brandvold kama alivyowakatalia mafundi. Brandvold akampokonya bendera ya kusimamisha mashindano, akaruka uzio, akaenda kusimama katikati ya njia, mahali sehemu bapa inapoanza kuwa kona.

Lovina aliona kila kitu. Yeye ndiye aliyenisimulia. Magari saba yalikuwa yanakuja pamoja. Mzee hakuipeperusha bendera, aliishika tu mbele ya kifua kwa mikono miwili. Dereva wa mbele alipanda juu, wa pili akashuka chini, waliobaki wakagawanyika kama maji yanavyogawanyika kwenye jiwe, na upepo wao ukampeperusha akaanguka kwa magoti. Akasimama tena. Walipozunguka mara ya pili walikuwa wanakuja taratibu, na wa kwanza akazima injini mbele yake.

Halafu watu wakaanza kumzomea. Hilo ndilo Lovina hakuweza kulimeza. Aliniambia alikuwa anangoja wamshangilie, na badala yake walimrushia chupa, maganda, mpaka kiatu. Chupa moja ilimpasua juu ya jicho. Mwanamume aliyekaa mbele ya Lovina, mzee wa kanisa letu, alikuwa amesimama juu ya benchi akipiga kelele arudishiwe mashindano yake. Mkaguzi wa jimbo alipoingia chini ya kona siku chache baadaye, alitoka haraka na kuufunga uwanja siku ile ile. Sikusikia mtu yeyote aliyekwenda kumwomba Brandvold msamaha.

Enos hakukatwa mguu. Uliunga, lakini mfupi, na tangu hapo akawa anatembea kama mtu anayeshuka ngazi moja isiyokuwepo. Wakati wote wa kuugua hakunisemesha zaidi ya kuomba maji na kushukuru. Nilidhani ana aibu. Nilimkanda, nikampikia supu ya kuku na tambi alizozipenda, nikangoja aniambie kwamba nilikuwa sahihi. Dirishani tulisikia nyundo za watu wanaobomoa uwanja, na kila mara alinitaka nifunge dirisha.

Januari, theluji ikiwa imefika madirishani, Brandvold alibisha hodi. Kovu lilikuwa jipya juu ya jicho lake. Nilikuwa nimeoka pai ya molasi, nikamkaribisha kwa sababu sikujua la kufanya. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Akasema amekuja kumwomba Enos radhi. Akasema alichora njia ile kama mtu anayechora wimbo, na hakuwaza hata siku moja kuhusu kilicho chini yake. Hatajenga nyingine. Alikuwa ameshakataa mbili.

Enos alimsikiliza akitazama meza.

"Hukupaswa kuyasimamisha," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Brandvold pia alisogeza sikio.

"Uwanja ungeua watu, Bwana Rauch."

"Najua. Ulifanya sawa. Nasema tu." Enos alikuwa anakwaruza kitambaa cha meza kwa ukucha. "Bwana, wewe umewahi kuisikia njia yako kutokea chini?"

"Siku ile tu."

"Siku ile ilikuwa inaumwa. Nazungumzia mwaka wa kwanza."

Na mume wangu, ambaye kwa miaka kumi na miwili ya ndoa alimaliza habari za siku nzima kwa sentensi mbili, akaanza kuongea. Alisema mwaka wa kwanza uliweza kulisikia gari tangu linapoiacha sehemu bapa, na mbao zilipokea uzito wake moja baada ya moja, hakuna iliyoshtuka, kama kiganja kinachopita kwenye mgongo wa paka. Alisema ukiegemeza kichwa kwenye boriti unajua ni dereva gani, na kama anaogopa. Alisema yeye ni mwoga, amekuwa mwoga tangu utotoni, mkewe anajua, ila mahali pale palikuwa na kelele kubwa kiasi kwamba hofu haikupata nafasi ya kukaa. Alipochungulia kwenye tundu aliona njia yote inakuja kwake ikiinuka, nzuri, imeoshwa na jua, na mwisho wake kitone cheusi kinakua. Alisema hajawahi kuona kitu kizuri kama kile. Alisema alikwenda kuomba kazi ile mara tano.

Brandvold alikuwa ameweka uma chini. Machozi yalimshuka mpaka kwenye masharubu na hakuyafuta.

"Ungeshuka tena?" akamuuliza.

"Leo hii," Enos akasema. Ndipo akaniangalia machoni, mara ya kwanza tangu Septemba, na nikaona kwamba hajuti kusema, na kwamba anaogopa nitakavyojibu.

Mwili wangu ulikuwa umekufa ganzi kuliko siku ile nilipokiona kichwa chake, maana siku ile angalau nilijua ni cha nani. Nikavuta kiti, nikaketi kati yao, kitu ambacho sikuwahi kukifanya mbele ya mgeni wa kiume, nikajikatia kipande cha pai. Nilikila chote. Kisha nikamwambia Enos aeleze tena lile la paka, polepole, kwa sababu sikulisikia vizuri.